Sauti Iliyobaki Stesheni

4 Februari

Kwako Kipaza, mdogo wangu,

Nakusalimu kwa kalamu kwa sababu simu imenishinda. Kila nikipiga naambiwa mteja hapatikani, na huyo mwanamke anayesema hivyo nimemchoka kama mke mwenza. Sisi huku tupo. Shemeji yako yuko kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu, anainama mchana kutwa halafu jioni analalamika mgongo kana kwamba aliinamishwa. Mimi na cherehani yangu tunasukumana. Mama anakula vizuri, ila macho ndiyo yameaga kabisa. Siku hizi ananijua kwa mlio wa ndala.

Kazi ipo, vichekesho pia vipo. Juzi mteja kaniletea picha ya gauni kwenye simu. Nimeitazama nikaona mshono hauna mwanzo wala mwisho, na mwanamke aliyelivaa ana vidole sita. Nikamwambia gauni hilo halijashonwa na mtu, limeota kwenye kompyuta. Akanijibu, kama kompyuta imeweza, mimi mwenye mikono ninashindwaje? Ile sheria mpya ya mitandao nayo imewagawa wateja wangu. Kuna anayesema afadhali, matusi yamezidi. Kuna anayesema nguo ikikatwa pana kiasi hicho itamtosha kila mtu, hata asiyeagiza.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini. Nimeisikia ile sauti. Imeingia kwenye kundi la ukoo asubuhi, mchana ikawa kila mahali, hadi kwa muuza mkaa. Kwanza kengele ya stesheni inalia, halafu wewe unasema, “Abiria wote mnaarifiwa kwamba treni ya uchaguzi haifiki popote. Dereva wake haoni, na tiketi hazirudishwi.” Sitakuficha, nilicheka kabla sijaogopa. Ni wewe mtupu. Ni vilevile ulivyokuwa ukiwaigiza walimu wako hadi Mama akakupachika jina hilo la Kipaza.

Lakini kwa nini ulisema, mdogo wangu? Mtu mzima, una kazi ya watu, sauti yako wanaijua maelfu wanaopanda treni kila siku. Kumwita mkuu wa nchi kipofu kwenye kipaza cha serikali? Ulimi hauna mfupa, lakini mwenye ulimi ana mifupa ya kuvunjwa.

Ijumaa, siku yako ya kumpigia, Mama alikaa na simu mapajani mpaka jua likazama. Nimemwambia mtandao unasumbua. Andika upesi.

Dada yako

27 Februari

Dada, shikamoo.

Barua yako imenifikia, na kabla hujauliza, mimi ni mzima. Nimefurahi kusikia Mama anakula. Mwambie shemeji atafute kiti chenye mgongo, asitafute dawa.

Mvua hapa zimeanza, na chumba changu kile cha ghorofani kinavuja palepale panapovuja kila mwaka. Kwenye magazeti ni uchaguzi tu. Nimesoma kwamba wanataka siku zijazo watu wapige kura kwa simu, ukiwa umelala kitandani kwako. Nimejiuliza, kama mtu hawezi kuamka kitandani kwa ajili ya kura, ataamka kwa ajili ya nini?

Simu yangu wanayo polisi, wameiita kidhibiti cha kesi. Nilihojiwa, nikarudishwa nyumbani, na kazini nimeambiwa nipumzike kwanza. Kwa hiyo usinipigie. Usipige hata kwa majirani.

Msalimie Mama. Mwambie mtandao unasumbua, kama ulivyosema.

Mdogo wako

10 Machi

Mdogo wangu,

Barua gani hiyo? Nimeigeuza nyuma nikidhani kuna ukurasa mwingine umebandika. Unanieleza bati linavuja, hunielezi wewe unavuja wapi.

Huku ni salama. Shemeji yako kanunua kiti chenye mgongo na sasa analala juu yake mchana. Uchaguzi umeingia hadi ndani ya duka langu. Wanawake wawili waliokuwa wakishona sare kwangu kila mara, marafiki wa kupeana chumvi, sasa hawasalimiani, mmoja yuko na hawa na mwingine yuko na wale. Kila mmoja anasubiri mwenzake aondoke ndipo aje kuchukua nguo yake. Mimi nimekuwa mpaka wa nchi mbili.

Nimeongea na watu, Kipaza. Wote wananiambia jambo moja: aombe radhi, yaishe. Aandike kwamba alikuwa anatania, hakujua kipaza kimewashwa. Mkubwa akiombwa radhi hadharani hupoa. Shemeji yako ana mteja ambaye ni wakili huko mjini kwako, ameahidi kukuona. Nimekuandikia anwani yake hapa chini. Nenda kamsikilize. Lisemwalo lipo, na likishakuwepo kinachobaki ni kulizima.

Mama anaulizia. Ijumaa ya kwanza alinuna. Ya pili alisema pengine koo linakuuma. Ya tatu alisinzia na simu mkononi, na hicho ndicho kilichoniumiza.

Dada yako

19 Aprili

Dada,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika vitu ambavyo mdogo hamwandikii dada yake. Sasa nimetulia kidogo. Poleni na uchaguzi, nasikia huko ulipita salama. Hapa pia. Hao wateja wako wawili watapatana sare zikichanika.

Katika barua zako mbili umeniuliza kwa nini nilisema. Hukuniuliza kama nilisema.

Polisi waliniuliza. Walikaa na mimi chumba kimoja, mmoja anaandika na mwingine anakula karanga, na swali lao la kwanza lilikuwa, “Hii ni sauti yako?” Nikawaambia inafanana na yangu lakini maneno hayo sijayatamka. Yule wa karanga akasema, “Hata dada yako atasema ni wewe.” Nikamjibu kwamba dada yangu hawezi. Barua yako ilifika wiki ile ile.

Sikusema, dada. Siku hiyo sikuwa hata na zamu. Nilikuwa hapa chumbani nimejifunika nina homa, na hakuna aliyeniona kwa sababu ninaishi peke yangu. Mtu anayeishi peke yake hana shahidi hata wa homa yake.

Nikueleze lingine. Miaka ya nyuma msimamizi wa stesheni aliniita, wakaniweka kwenye chumba kilichozibwa magodoro ukutani, nikasoma sentensi wiki nzima. Majina ya vituo vyote, namba, saa, samahani kwa kuchelewa, tafadhali simama nyuma ya mstari. Wakasema ni akiba ya siku nikiugua. Nikaweka sahihi, nikapewa soda, nikaona nimeheshimiwa.

Mwezi uliopita nilikwenda stesheni kuchukua koti langu. Nimesimama jukwaa la pili katikati ya abiria, kengele ikalia, halafu nikajisikia natangaza. “Treni ya mchana inaingia jukwaa la pili. Tafadhali simama nyuma ya mstari.” Dada, nilirudi nyuma. Nilijitii mwenyewe. Watu wote wakarudi nyuma, na hakuna aliyenitazama. Treni imeingia, wameshuka wa kushuka, wamepanda wa kupanda, na sauti yangu ikawatakia safari njema bila mimi.

Nilimuuliza msimamizi. Mtu mpole, hakuniangalia usoni. Alisema mashine imetengenezwa kwa ile akiba, ukiiandikia chochote inakisema kwa sauti yangu. Nikamuuliza ni nani wanaoweza kuiandikia. Akasema, “Wengi tu, siku hizi inakaa kwenye mtandao.” Nikamwambia basi kawaeleze polisi hayo. Akasema yeye ana watoto wanaosoma.

Wakili wako nimemwona. Hakupoteza maneno. Anasema nyumba ina hati, shamba lina mipaka, hata jina la duka linaandikishwa, lakini sauti ya mtu sheria haijui iiweke kabati gani. Kuhusu kuomba radhi, nilimuuliza mtu anaombaje radhi kwa kosa la mashine. Akasema wengi hufanya hivyo, ni haraka zaidi.

Siombi radhi.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Nimesoma. Nimesoma tena. Kuna la kukujibu lakini leo mkono wangu ni mzito, nina maharusi wawili na vitambaa vyote ni vya kuteleza.

Sisi wazima. Mama ana nafuu. Anaimba hata, asubuhi. Ijumaa zake usiziwekee wasiwasi, zimepata utaratibu.

Bei ya uzi imepanda, wanasema ni sababu ya vita vya watu tusiowajua. Kula vizuri.

Dada yako

30 Mei

Dada, shikamoo.

Barua yako ilikuwa fupi kuliko risiti, nami nimeikubali hivyo hivyo. Hongera kwa maharusi.

Habari mpya ni kwamba jalada limefungwa. Hawakusema sina kosa, wamesema ushahidi hautoshi, na hayo ni mambo mawili tofauti. Simu nimerudishiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kazini nilikwenda nikiwa nimenyoa na kuvaa shati lililopigwa pasi. Wakaniambia nafasi yangu haipo tena kwa sababu kazi inafanyika bila tatizo. Niliuliza anaifanya nani. Kabla hawajajibu, kipaza kilijibu chenyewe kule nje.

Sasa najua utaniuliza, kama simu unayo, mbona hupigi? Nitakueleza mara moja halafu tusirudie. Mwezi wa pili nilikwenda duka la chini kuomba sabuni. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni aliwageukia wenzake akasema, “Ndiye yule.” Wakatoa simu zao wote, hata mzee mmoja ambaye ilibidi asaidiwe kuiwasha. Wakaniomba niseme tena ile ya dereva. Wengine walinipenda, wengine walitaka kunipiga, na wote walitaka kitu kimoja, nifungue mdomo. Tangu hapo nimeufungua kwa wakili na kazini tu, tena kwa kunong'ona. Mwenye duka sasa ananichukulia kama bubu. Namwonyesha mkate kwa kidole, naye ananijibu kwa mikono na huku anapiga kelele, kana kwamba bubu na kiziwi ni ndugu. Kwenye basi natoa noti kubwa ili nisitaje kituo. Nakaa nasikiliza watu wanavyobishana, kwamba simu zinatusikiliza, kwamba wabunge wamelala, kwamba vijana hawaoi. Nina majibu ya yote, na yote nashuka nayo.

Si ugonjwa. Siku nyingine nadhani ni adabu tu.

Nina swali. Umesema Ijumaa za Mama zimepata utaratibu. Utaratibu gani? Anampigia nani?

Mdogo wako

21 Juni

Mdogo wangu, Kipaza,

Leo sikupi habari za shemeji wala za uzi. Nimefunga duka nikuandikie, na ukimaliza kusoma unikasirikie, ni haki yako.

Mama alianza kukataa chakula. Sikukuambia. Mwezi wa tatu ulipokuwa unakwisha alikuwa anakaa na simu mapajani kila siku, siyo Ijumaa tu, na ukimpelekea sahani anasema ataanza kula mwanawe akishapiga. Akakonda. Nilimweleza kwamba una matatizo na serikali, akasahau. Nilimweleza tena, akalia upya kana kwamba ni habari mpya. Ndipo shemeji yako akaniambia kuna programu, ukiipa sauti ya mtu kidogo tu inaendelea yenyewe. Tulikuwa na zile jumbe za sauti ulizokuwa ukimtumia Mama miaka yote, za kumwambia umefika, umekula, kuna baridi.

Nilikaa chumba cha kushonea nikiwa na simu moja, Mama chumbani kwake akiwa na nyingine. Mimi naandika, wewe unasema. Niliandika, “Mama, shikamoo.”

Nilimsikia kupitia ukuta. Alisema, “Marahaba mwanangu. Koo limepona?”

Nikaandika limepona. Akakuombea dua ndefu, akakuhadithia ndoto yake, akaniambia mimi nilete chakula. Alikula akiwa anaongea nawe. Tumefanya hivyo kila Ijumaa tangu hapo. Nilijiambia ni dawa, kama vidonge vingine.

Ila Ijumaa ya juzi niliacha mlango wazi, nikamwona uso. Alikuwa amekielekeza kichwa kwenye simu kama mmea ulioelekea dirishani. Ndipo nikaelewa. Aliyekubeba tumboni, aliyekusikia ukilia kabla mimi sijakusikia, amedanganyika. Tena kwa kitu kilichotengenezwa kibandani na fundi simu wa mtaani. Sasa mimi ni nani hata nikasema sikio langu halidanganyiki? Nilisikia sekunde kumi kwenye kundi la ukoo, nikakuhukumu, nikakuandikia uombe radhi.

Hukusema. Sina ushahidi wowote zaidi ya ule niliokuwa nao mwezi wa pili, na ule ulitosha, maana nilikuwa nakujua wewe. Nisamehe, ndugu yangu.

Dada yako

8 Julai

Dada,

Nimekaa na barua yako nikaona niichanechane, nikaona niibusu, mwisho nimeiweka chini ya godoro.

Kule waliichukua sauti yangu wakaitia kwenye matusi. Ninyi mmeichukua mkaitia kwenye mapenzi. Kote kuwili mimi sikuulizwa. Sijui lipi linaniuma zaidi, na hilo la kutojua ndilo linaloninyima usingizi. Lakini Mama amekula. Hilo nimelisoma mara nyingi kuliko mengine.

Umesema hukuwa na haja ya ushahidi. Nilikuwa nasubiri mtu mmoja tu aseme hivyo. Imetosha.

Nakuja mwisho wa mwezi. Mpaka hapo msimwache na njaa, fanyeni mnavyofanya. Nikifika, izimwe. Na Mama asiambiwe, nataka anisikie kwanza.

Mdogo wako

15 Agosti

Dada, shikamoo.

Nimefika salama, mizigo yote ipo, na ile suruali uliyonipunguza kiuno imenikaa. Shemeji mwambie nimemkumbuka yeye na kiti chake.

Uliniuliza pale kituoni kwa nini naondoka mapema, nikasema nina miadi na wakili. Miadi ilikuwepo, lakini ilikuwa ya wiki iliyofuata. Nikueleze sasa, maana kusema kwangu bado ni kama kubeba gunia, ila kuandika naweza.

Siku ile ulipokwenda dukani kutuachia nafasi, nilisimama mlangoni kwa Mama. Njiani kwenye treni nilikuwa nimejizoeza kwa kunong'ona kama mwizi anayekariri. Nikasema, “Mama, shikamoo.” Ikatoka sauti nisiyoijua, kavu, inakwama kama cherehani isiyotiwa mafuta miezi. Nilishituka mwenyewe.

“Marahaba,” akasema. “Nani mwenzangu?”

“Ni mimi, mwanao. Kipaza.”

Akacheka, siyo kwa ubaya. Akasema mwanawe yuko mbali, na sauti yake ni kengele, ikiingia humu hata sahani zinaitika. Akasema mwanawe huyo alimpigia juzi Ijumaa. Halafu akasema mimi nitakuwa fundi redio, maana alikuomba umwitie mtu na umechelewa kama kawaida yako. Akanisogezea redio.

Dada, ningefanya nini? Ningegombana na mama yangu kwamba mimi ni mimi? Nililia kidogo, bila mlio. Kisha nikakaa nikafungua redio ile. Ilikuwa waya mmoja tu umeachia, hata mimi nimeweza.

Ilipowaka ikawa taarifa ya habari, na habari ikawa hiyo hiyo ya kupiga kura kwa simu. Mama akasema ni jambo jema, yeye hajapiga kura tangu miguu ikatae, anachukuliwa kama marehemu aliyechelewa kuzikwa. Mimi nikasema, kwa sauti yangu hiyo mbovu, kwamba simu haijui ni nani anayeibonyeza. Akasema hata karatasi haijui nani anaikunja. Nikasema karatasi angalau inaweza kuhesabiwa tena mbele ya watu. Akasema mbele ya watu gani, hao hao walioiba mara ya kwanza? Tukaenda hivyo hadi uliporudi. Ulitukuta, ukadhani mambo yamekuwa mazuri. Na kweli yalikuwa mazuri, ila hayakuwa yale uliyofikiri. Ulipomwambia “Mama, huyu ndiye Kipaza,” akakuambia usimtanie mtu mzima, nami nikakukonyeza uache.

Sijazungumza na binadamu kiasi kile tangu mwezi wa pili. Koo liliwasha siku nzima.

Asubuhi ya mwisho nilimkuta ameamka, amekaa. Akaniambia, “Fundi, wewe una watoto?” Nikasema sina. Akasema, “Mimi nina huyo wa mbali. Mtoto mzuri. Lakini siku hizi kabadilika. Nikisema mvua, anasema ndiyo Mama. Nikisema jua, ndiyo Mama. Zamani alikuwa hakubali kitu, tunabishana hadi salio linakwisha. Nadhani kanichoka, au ananihurumia.” Kisha akanishika mkono wa shati, akasema, “Usimwambie binti yangu. Anajitahidi sana na zile simu.”

Hapo ndipo nilipokwenda kufunga begi. Ningebaki ningeanguka.

Sijui anajua kiasi gani, na sitaki tumuulize. Ulikuwa umeshaizima, niliona shemeji akiifuta mbele yangu. Iache hivyo.

Wakili nimemwona jana. Nilimweleza kwa mdomo wangu, polepole, akanisubiri. Tunaipeleka stesheni mahakamani waiondoe sauti yangu. Anasema kesi kama hii hajaiona, hakimu naye hatakuwa ameiona, tunaweza kushindwa vizuri sana. Nimemwambia sawa. Itabidi nisimame niseme mbele ya watu, kwa sauti hii niliyobaki nayo, na wao watawasha ile nyingine ili wailinganishe. Nikiwaza hilo jasho linanitoka. Bado naishi peke yangu, dada, na chumba bado kinavuja. Lakini leo nimemwomba mwenye duka mkate kwa mdomo. Alidondosha mizani.

Mdogo wako

3 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu zangu utazipata nikija, maana siku ya kesi nitakuwa benchi la mbele, nimeshawaambia wateja. Wale wawili wamerudi kusalimiana, kwa hiyo duka litabaki na amani.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaimalizia nimekaa chini. Kuhusu Mama sitaongeza kitu, nitakueleza tu yaliyotokea.

Ijumaa ya kwanza baada yako nilijiandaa kwa vita. Nilipika mapema, nikatunga uongo wa aina tatu kuhusu mtandao. Hakuulizia simu. Ijumaa ya pili vilevile. Simu yenyewe ameiweka kwenye dirisha na juu yake kaweka kitana. Anakula, si sana, lakini anakula.

Anachoulizia ni fundi. Fundi anakaa wapi, fundi ana kazi nyingi? Jana kaniita nimwandikie fundi kwamba redio imeharibika tena, haitoi hata mkwaruzo, aje aitazame. Nilikuwa nimetoka kuisikia kupitia ukuta ikisoma habari kwa sauti nzuri kabisa. Nilimwambia, “Mama, si inafanya kazi hii?” Akanyoosha mkono, akaizima, akasema, “Haifanyi.”

Halafu akaniambia amepata jibu la ile hoja yako ya karatasi kuhesabiwa mbele ya watu, jibu la kukunyamazisha. Nikachukua kalamu aniambie nikuandikie. Akakataa katakata. Anasema maneno hayo hayatumwi, utakuja kuyafuata mwenyewe.

Dada yako